Kangaga la Mzee Mtaro

Shemeji yangu alikausha nusu ya mji huu, na hapo sitii chumvi. Upande wote wa kusini, kuanzia kiwanda cha matofali hadi shule ya msingi, ulikuwa kinamasi cha kuzamisha ng'ombe mzima na kengele yake. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha mitaro cha halmashauri ya mji, tangu ndevu zake zinaanza kuota mpaka zikawa nyeupe. Leo watu wa kusini wanalala kwenye vitanda vikavu, wanalalamika kwamba vumbi limezidi, na ukiwaambia kuwa chini ya sebule zao palikuwa makao ya vyura wanakuona umechanganyikiwa. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua watu wa pensheni tu. Sisi wengine tunamwita Mzee Mtaro.

Mimi ni mdogo wa marehemu mkewe. Nyumba zetu zimeshikana ukuta, kwa hiyo haya ninayoyasema mengine nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyasikia kupitia ukuta huo, ambao ni mwembamba na hautunzi siri ya mtu.

Ukitaka kumwelewa mzee huyu, elewa kwanza habari ya kizibo. Kikosi chake kilichimba wakati wa kiangazi, tope likiwa limekaza. Walichimba mtaro wote, wakanyoosha kingo, wakaupa mteremko, lakini pale mwisho kabisa, mtaro unapokutana na mfereji mkubwa wa barabarani, waliacha ukuta mnene wa udongo. Hicho ndicho kizibo. Hakuna fundi aliyethubutu kukigusa. Aliitwa mwenye nyumba, akapewa jembe, akakikata kwa mkono wake mwenyewe, maji yakaondoka, watu wakapiga makofi. Asili yake ulikuwa ujanja tu wa kukwepa lawama: mwenye nyumba akishakata mwenyewe, hawezi tena kesho yake kuja ofisini kupiga kelele kwamba maji yamepitishwa kwenye bustani yake. Lakini kwa Mzee Mtaro ujanja huo uligeuka kuwa kama ibada, na akauleta mpaka nyumbani. Alipomtengenezea dada yangu kabati la vyombo, aliacha skrubu moja ya mwisho, akamwita na kumkabidhi bisibisi. Dada yangu, akiwa na mtoto mgongoni na sufuria inafurika jikoni, alimweleza kwa kirefu mahali pa kuiweka hiyo bisibisi.

Katika upande wote wa kusini palibaki mahali pamoja tu penye kinamasi, napo ni kwenye pembe ya nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa akisema atapashughulikia akistaafu. Alipostaafu, akasema atapashughulikia akishapumzika. Nyasi ndefu za majini zikaota pale hadi zikampita urefu, na mbu wakafanya pale makao makuu. Watu waliomheshimu hawakusema kitu. Mimi nilikuwa namwambia kila siku.

Binti yake ni mmoja tu, yule yule aliyekuwa mgongoni siku ya bisibisi. Ni fundi cherehani, na anaishi katika mji ambao kwa basi unafika umeshavimba miguu. Aliolewa huko, akapata mtoto wa kike, kisha ndoa ikamshinda, au tuseme mume ndiye aliyemshinda, maana mtu yule hata mimi angenishinda. Akahamia chumba cha kupanga, yeye na mtoto na cherehani, wakawa wanapeana zamu ya kukaa. Dada yangu wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mzee Mtaro alitaka binti yake arudi nyumbani na mjukuu. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa namsikia jioni akizungumza na redio, akiieleza kwamba mtoto wa kike hafai kuhangaika mji wa watu wakati kwao kupo.

Redio aliiambia. Binti hakumwambia. Kwenye simu alisema hivi tu: "Nitakujengea chumba hapo nyuma."

Sasa nikuambie jambo litakalokukera kama linavyonikera mimi. Nyumba ile ina vyumba viwili vya kulala. Kimoja ni chake. Cha pili, alichokulia binti mwenyewe, kilijaa vyombo vya kazi toka sakafuni hadi darini. Halmashauri iliponunua mashine ya kuchimba na kukivunja kikosi, yeye aliomba apewe zana za zamani azihifadhi. Kwa hiyo mle ndani mlikuwa na majembe, mabeleshi, sululu, marundo ya kamba, ndoo zilizotoboka, na toroli lisilo na gurudumu ambalo lilikuwa limekaa mahali pa kitanda kama bibi harusi.

"Shemeji," nikamwambia, "si utoe hayo majembe, binti apate pa kulala?"

"Niyapeleke wapi?"

"Nje."

"Yatapata kutu."

"Na binti yako je?"

"Binti hapati kutu," akasema, tena kwa upole, kama mtu anayenifundisha jambo. "Yeye namjengea chumba."

Nilirudi kwangu nikaubamiza mlango hadi picha zake upande wa pili zikaanguka. Ndivyo nilivyokusudia.

Kiangazi hicho akaanza kuchimba mtaro wa kuikausha kwanza ile pembe, apate pa kujenga. Nimpe haki yake: ulikuwa mtaro mzuri. Alifyeka nyasi zote, akavuta kamba, akachimba polepole kila asubuhi, na kingo zikawa zimenyooka utadhani amekata mkate kwa kisu kikali. Wazee wenzake wa kikosi walikuja kuutazama, wakasimama na mikono nyuma, wakatikisa vichwa kwa kuridhika kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Akafika kwenye mfereji wa barabarani. Akaacha kizibo. Akapanguza jembe, akapiga simu. Yeye kwenye simu hupayuka kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na sauti ya mwenzake huiweka kwenye spika, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"Mtaro tayari! Njoo ukate!"

"Nikate nini, Baba?"

"Kizibo! Chumba ni chako, kizibo ni chako!"

"Baba, si ukikate wewe tu. Mimi hapa nina sare za shule zimejaa mpaka kitandani, wazazi wananisumbua."

"Mwenye nyumba ndiye anayekata."

Nikasikia cherehani ikianza tena. "Haya, Baba. Nikipata nafasi."

Mvua za mwaka huo zikaja, mtaro ukajaa maji hadi ukingoni, na maji hayakuwa na pa kwenda kwa sababu ya kizibo. Jembe moja tu lingetosha. Aliyekausha mji mzima akawa anakaa barazani anautazama mtaro wake uliojaa, kwa subira ya ajabu, anangoja mwenye nyumba. Kila walipoongea, yeye aliuliza, "Unakuja lini?" na binti aliuliza, "Chumba kimefikia wapi?" Hakuna aliyemjibu mwenzake.

Mimi sina subira hiyo. Nikampigia binti mwenyewe.

"Njoo zako," nikamwambia. "Achana na habari za chumba. Utalala kwangu."

"Mama mdogo, nashukuru. Lakini sitaki kuja kulala kwako na baba yupo upande wa pili wa ukuta. Nataka yeye aseme nirudi. Aseme tu, basi."

Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji. Nikamkuta anatia mpini kwenye jembe.

"Binti yako anataka umwambie arudi nyumbani."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si nimeshamwambia? Nimechimba mtaro."

Ukapita msimu, ukapita mwaka, ukapita mwingine. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyozoea kuliona lile dimbwi lililonyooka, na jinsi nilivyoacha kusema. Mtu huchoka kugombana hata na shemeji.

Ndipo akaja yule mwanamke wa mimea. Alikuwa mwalimu wa chuo, kijana bado, ana viatu vya mpira na kioo cha kukuzia vitu kinachoning'inia shingoni kwa uzi, na mtaa mzima ukambatiza jina siku hiyo hiyo: Dada Lenzi. Alikuwa anazunguka kusini yote kutafuta masalia ya kinamasi, na mtu fulani, sitamtaja, ila nyumba yake na ya Mzee Mtaro zimeshikana ukuta, alimwelekeza nyuma ya nyumba. Aliomba ruhusa kwa adabu. Akalala kifudifudi kwenye ukingo wa mtaro. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka tukawa na wasiwasi. Kisha akapiga yowe.

Mzee Mtaro alikimbia na beleshi. "Wapi? Wapi kichwa chake?"

"Siyo nyoka, mzee," Dada Lenzi akasema. "Ni kangaga."

Sisi makangaga tunayajua. Ni majani yale mapana yenye kuchanikachanika yanayoota kwenye vivuli vya mito. Tukainama. Hatukuona kangaga. Tuliona tope, na juu ya tope nyuzi za kijani zenye urefu wa kijiti cha kiberiti, kila moja ina kitu kichwani mfano wa kichana cha mtoto. Dada Lenzi alimvisha Mzee Mtaro ule uzi wa lenzi shingoni, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kukielekeza.

"Hili?" mzee akauliza.

"Hilo."

"Ndilo zima, au ni chipukizi?"

"Ndilo zima. Halikui zaidi ya hapo."

Akanyanyuka, akapanguza magoti. "Pole," akamwambia, na alimaanisha.

Maelezo ya Dada Lenzi yalikuwa hivi, na nayaeleza kama nilivyoyaelewa mimi. Kangaga lile ni mwenyeji wa vinamasi vya kusini tu, mwenyeji kuliko sisi sote, na halioti mahali pengine popote. Halikuwa limeonekana tangu yeye mwenyewe hajazaliwa. Linataka maji yaliyotulia, linataka tope tupu lisilo na kivuli cha nyasi, na linataka lisisumbuliwe. Vinamasi vilipokauka, likakosa pa kukaa. Vumbi la mbegu zake, nadhani, lilikuwa limelala tu humo kwenye tope la pembe ile, chini ya nyasi ndefu, mpaka alipotokea mtu akafyeka nyasi, akakata kingo safi za udongo mtupu, akajaza maji, kisha akakaa barazani bila kugusa kitu mwaka hadi mwaka. Kama lingeweza kuagiza nyumba kwa fundi, Dada Lenzi alisema, lisingeagiza tofauti.

Yaani aliyelifukuza kusini nzima ndiye huyo huyo aliyekuja kulijengea chumba. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamkumbuka binti kule alikokuwa, na kicheko kikanikauka mdomoni, maana kangaga lilikuwa limeshahamia na yeye bado.

Wakubwa wakaja. Wale wale wa halmashauri waliokuwa wakimlipa akaushe maji, wakamshukuru kwa kuyatunza. Mhandisi, aliyekuwa amevaa viatu vya kuendea ofisini, alitoa hotuba akamwita Mzee Mtaro mlinzi wa urithi wetu wa maji, na wazee wa kikosi waliosimama nyuma wakawa wanaangalia mawingu ili wasitazamane. Katikati ya hotuba akauliza hilo kangaga lenyewe liko upande gani.

"Liko chini ya kiatu chako, mheshimiwa," Mzee Mtaro akamjibu.

Wakazungushia vigingi na kamba. Wakaweka bango la kukataza watu kukanyaga. Shemeji wakampa kofia yenye picha ya kangaga, ila picha ilitoka kama mswaki uliochakaa, na kwa muda mrefu wageni wa mtaa walidhani anauza dawa za meno. Kofia aliivaa. Kuku wangu aliwafukuza wasilikanyage. Alisema mmea gani huu hauliki, hauuguzi, hauonekani, na huku akisema hivyo alikuwa amepiga magoti anaondoa jani bovu lililoanguka juu yake. Sikumtania sana. Nilimtania kiasi.

Shida ilikuwa kizibo.

"Mzee, hiki kisikatwe," Dada Lenzi alimwambia siku moja tukinywa chai barazani kwangu. "Maji yakiondoka, mtaro utakauka, na kangaga litakwisha. Nimelitafuta kwingine kote. Sijaliona."

"Kitakatwa," Mzee Mtaro akasema. "Siyo na mimi. Kina mwenyewe. Binti yangu akija, akikikata, kimekatwa."

"Na atakuja lini?"

Swali hilo tulikuwa tumeliuliza wenyewe mpaka likapoteza ladha, na sasa analiuliza mgeni kwa ajili ya majani. Toka siku hiyo wakawa wawili wanaomngoja binti yule, mmoja akiomba aje, mwingine akiomba asije, na wote wawili wanamaliza sukari yangu. Kusema kweli Dada Lenzi alikuwa mtu mwema. Alimpenda mzee. Lakini kila basi lilipopita barabarani nilimwona anasimamisha kalamu, na basi likishapita anapumua.

Binti alikuja siku ya Jumamosi, asubuhi, bila kutangaza. Alitokea pembeni mwa nyumba ameshika mkono wa mtoto. Amenenepa kidogo, nikafurahi, maana mara ya mwisho alikuwa amebaki mifupa. Kitu cha pili nilichokiona kilikuwa mkoba wake. Ulikuwa kimkoba cha kubebea nguo moja ya kubadilisha. Mwanamke anayerudi kwao haji na kimkoba namna ile, nami nikaiweka chini ndoo niliyokuwa nimeishika.

Mzee Mtaro hakuona mkoba. Aliona binti. Alikimbia ndani, na ni mtu asiyekimbia, akatoka na jembe lililopakwa mafuta, mpini unang'aa. Alikuwa ameliweka tayari siku zote hizo.

"Karibu, mwanangu. Shika."

Dada Lenzi aliinuka kutoka kwenye tope, amechafuka toka kidevuni hadi magotini. "Dada, samahani, mimi sikujui, lakini kabla hujakata naomba..."

"Mwache," Mzee Mtaro akasema. "Kizibo ni chake." Na nikaona kwamba alikuwa anatazama pembeni ili asiuone ule mtaro. Kumbe naye alikuwa amelipenda. Ila lilikuwa kangaga, na huyu alikuwa mtoto wake.

Binti alipokea jembe. Akaliegemeza ukutani taratibu.

"Baba, tukae kwanza."

"Ukishakata tutakaa."

"Sikuja kukata, Baba." Akamshika mkono. "Nimepata nyumba kule. Ni ndogo, lakini ina mahali pa kuweka cherehani, na wateja wanakuja wenyewe. Mtoto ameshaanza shule, anaipenda. Nilitaka nikuambie uso kwa uso, siyo kwenye simu."

Mzee akawa anatikisa kichwa kwa kukubali, anatikisa, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya kazi.

"Sasa chumba?" akauliza.

"Chumba gani, Baba? Hapa hakuna chumba. Kuna mtaro."

"Nilikuwa nakujengea."

"Najua." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mwaka ule wa kwanza ningekuja hata nikalala kwenye kochi. Ungesema njoo, ningebeba cherehani kichwani nikaja. Kila nikipiga simu, unaniambia kizibo."

"Nilidhani unajua kwamba nakutaka."

"Kujua nilijua. Lakini ukiwa peke yako na mtoto ana homa, na mwenye nyumba anagonga mlango, kujua hakukusaidii kitu."

Dada Lenzi, ambaye kangaga lake lilikuwa limepona wakati huo huo mbele ya macho yake, alitazama chini na kuanza kulia, yeye mgeni, akajipangusa kwa mkono wenye tope akajipaka uso mzima. Mimi machozi hayakunijia. Nilikuwa na hasira. Nilitaka nichukue lile jembe nimpige nalo shemeji yangu, kisha nimkumbatie, na sikujua nianze na lipi.

Mjukuu ndiye aliyekuwa ameshachuchumaa kwenye kamba. "Babu, mbona kangaga lenyewe dogo hivi?"

"Ndilo zima hilo," Mzee Mtaro akamwambia. Kisha akamgeukia binti. "Leo mnalala wapi?"

"Kwa mama mdogo. Kesho asubuhi tunaondoka."

"Hapana," akasema, akaingia ndani.

Tukasikia chuma kinagongana na chuma. Akatoka amebeba majembe kifuani, mengi kuliko uwezo wake, akayatupa uani. Akarudi. Akatoka na sululu. Binti akamfuata, kisha mimi, kisha Dada Lenzi na uso wake wa tope. Tulitoa mabeleshi, tukatoa kamba, tukatoa ndoo zisizo na matako. Toroli lilikataa kupita mlangoni na hakuna aliyejua lilipitaje kuingia, ikabidi tulilaze ubavu na kulisukuma kwa miguu. Nyuma yake tukaliona dirisha, ambalo nilikuwa nimesahau kama lipo. Bawaba zilikuwa zimeshikana kwa kutu, akazipaka mafuta ya majembe, akasukuma kwa bega, likafunguka. Mimi nikaleta kitanda cha ziada toka kwangu, shuka na pazia. Jua lilikuwa bado lipo juu ya paa la jirani tulipomaliza kupiga deki, na binti akasimama katikati ya chumba chake cha utotoni akazunguka pole pole, na mtoto akarukaruka kitandani.

Hapo ndipo machozi yaliponijia. Mchana mmoja! Kazi yote hiyo iliyomshinda miaka yote ile ilikuwa kazi ya mchana mmoja, tena kwa kupumzika kunywa chai.

Asubuhi tulikwenda wote stendi. Binti alikaa dirishani, mtoto mapajani. Injini ilikuwa imeshawashwa, kondakta anapiga bati tuondoke tuondoke, na Mzee Mtaro amesimama chini na kofia yake ya mswaki, mdomo unafunguka na kufumba. Mwisho akapayuka kwa ile sauti yake ya simu, stendi nzima ikageuka.

"Rudi nyumbani, mwanangu! Rudi nyumbani!"

"Mzee, sogea, utagongwa," kondakta akasema.

Binti alitoa mkono dirishani akamgusa shavu. Nadhani alisema likizo. Mzee ana hakika alisema likizo.

Kizibo hakijakatwa na hakitakatwa. Kangaga limejaa mtaro mzima kingo zote mbili, limepanda mpaka kwenye kizibo chenyewe, na Dada Lenzi ameandika habari zake zikasomwa mbali. Majembe bado yako uani. Mvua inayanyeshea, yameota kutu nyekundu, majirani wanayaazima na hawayarudishi, na mwenyewe haulizi. Mwezi uliopita Dada Lenzi aliomba kukitumia kile chumba akija na wanafunzi wake, siku mbili tatu tu, kwa kuwa ni kitupu. Mzee Mtaro anampenda Dada Lenzi na hamnyimi kitu. Alimwambia hapana, kile kina mwenyewe.

Juzi nilipita kumrudishia sahani nikamkuta anapiga deki mle ndani, dirisha wazi, kitanda kimetandikwa shuka zangu.

"Shemeji," nikamuuliza, "wanakuja lini?"

"Hawajasema," akanijibu, akanisogeza kwa mpini wa deki nisikanyage palipokuwa bado na maji.